Siku moja maishani mwangu: kuratibu urafiki kanisani

Saa 12 asubuhi. Leo kuna mkutano wa jioni, kwa hiyo simu imejaa meseji. Mfadhili mmoja anaomba aje na mpiga picha. Namjibu kwa heshima kwamba anakaribishwa sana, lakini aje mwenyewe, bila kamera. Mpango wetu unaunganisha familia za kipato cha chini na waumini wenye nafasi, wanakutana kila wiki, wanakula pamoja, wanajuana hadi kwa matatizo. Aliyekuja kutafuta rafiki asijikute kwenye bango la kuchangisha fedha.

Saa 3. Mafunzo ya wanaojitolea wapya. Ni watu wema, wenye kazi nzuri na haraka ya kusaidia, na hiyo haraka ndiyo inayonipa kazi. Mwanasheria mmoja ameniuliza, "Mama, si ningelipa tu kodi yake ya nyumba ya miezi mitatu, mambo yakaisha?" Nimemjibu kwamba kanisa lina mfuko wa dharura na kamati yake, na tumeuweka makusudi ili fedha isipite mkononi mwa rafiki. Ukishamlipia mtu kodi, kesho hawezi kukuambia umekosea. Hawezi kukukatalia jambo. Ukimpigia simu anasita kupokea, maana anahisi anadaiwa. Katika kazi hii nimeona deni likivunja urafiki mwingi kuliko dharau.

Tukafungua Yakobo sura ya 2, pale mwenye pete ya dhahabu anapopewa mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame kule au akae chini. Kila mtu anaifahamu. Nikauliza: huku kwetu nani anapanga viti, nani anachagua siku ya kukutana, nani anaamua tuzungumze nini? Wakanyamaza kidogo, kisha mjadala ukawaka. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja na ushirikiano, na viongozi wao wakiunga mkono. Kukutana tu hakutoshi. Hadhi sawa ndiyo inayotutoa jasho.

Saa 6 mchana. Kikao na mchungaji na wazee wa kanisa. Mzee mmoja anaona urafiki ni jambo laini mno, bora tugawe misaada tumalize. Nikamweleza utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake uliotoka mwaka 2022, uliochunguza urafiki wa watu zaidi ya milioni 70 wanaotumia Facebook nchini Marekani. Mahali ambapo maskini na wenye nacho ni marafiki, watoto wa maskini huelekea zaidi kupanda kipato wakishakuwa watu wazima. Tena, watu wa matabaka mbalimbali wakiwa katika ibada moja, hujenga urafiki kwa urahisi kuliko shuleni au mtaani. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawaabudu pamoja, kila tabaka lina kanisa lake. Basi tukakubaliana kuzialika sharika mbili jirani, na kuongeza fedha za nauli na za walezi wa watoto. Bila hizo, mama anayefanya kazi ya zamu hatafika hata akitamani vipi.

Saa 9 alasiri. Nimepita kwa mhasibu mstaafu ambaye mkewe alipata kiharusi. Nimemkuta dada aliyeunganishwa naye katika mpango. Kwa miaka mingi amehudumia wagonjwa majumbani kwa ujira mdogo. Alikuwa akimfundisha kumgeuza mgonjwa kitandani. "Mzee, kunja magoti kidogo, usivute mkono wake. Shika bega na nyonga, uvigeuze vyote kwa pamoja." Kisha akasukuma mto nyuma ya mgongo na kulainisha shuka ili mikunjo isichubue ngozi. Mzee akasema, "Nionyeshe tena, dada." Akaonyeshwa tena, na tena. Baadaye walikaa mezani wakapitia mkataba mpya wa kazi wa dada, mzee akiweka alama kwenye kifungu cha saa za ziada. Sikuwa na la kuongeza.

Saa 12 jioni. Chakula cha pamoja. Hatuna meza ya wageni, na kila mmoja anapakua na kuosha vyombo. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu kwenye karamu ya Bwana mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa, nami sitaki kosa hilo lipate nafasi hapa. Yule mwanasheria alikaa karibu na kijana mwenye usaili wiki ijayo. Wakafanya mazoezi ya maswali mpaka vyombo vikaondolewa. Akiwa mlangoni, kijana akamweleza mwanasheria namna ya kuzungumza na binti yake wa sekondari, ambaye siku hizi hasemi na baba yake.

Saa 3 usiku. Naandika ripoti. Fomu inauliza tumesaidia watu wangapi, nami nimejaza waliohudhuria wote, wenye nacho na wasio nacho. Kesho nitampigia yule dada nimwombe afundishe wanaojitolea kuhudumia wagonjwa nyumbani, na mhazini tayari amekubali kwamba atalipwa sawa na mwezeshaji mwingine yeyote.