Linux kwenye laptop ya ofisi
Jamani hii laptop ya ofisi nimeipiga Debian 12, aina moja ya Linux, na waifai imeshika palepale, maana kuanzia toleo hilo la 2023 fimwea zisizo huru (vile viprogramu vya kuendesha vifaa kama waifai, ambavyo kodi yake haiko wazi) zinakuja humohumo kwenye flashi ya kuinstolia, zamani ungehangaika kuzitafuta pembeni. Sauti na kamera freshi. Kilichonitoa jasho ni kulala, unaifunika unaitia kwenye begi, ukija kuitoa ina moto na chaji imekata! Kucheki /sys/power/mem_sleep, faili linaloonyesha aina ya kulala iliyochaguliwa, mabano yako kwenye s2idle (usingizi mwepesi), deep (usingizi mzito) ipo imekaa tu, basi nikaweka mem_sleep_default=deep kwenye GRUB (programu inayoiwasha Linux), nikapiga update-grub ili ishike, nikawasha upya, sasa inalala usingizi wa pono. Alama ya kidole ndo bado, libfprint, programu ya Linux ya kusoma vidole, haina draiva ya chipu yake, ila paswedi si ipo bana