Daftari langu la bei, Mtwara 2022

Januari 2022 nilianza kuandika bei kwenye daftari la shule la mwanangu, lile lililobaki kurasa. Nilitaka tu kujua hela ya mtaji inapotelea wapi. Nauza chai, chapati na wali hapa Mtwara mjini, njia ya kwenda bandarini.

Machi daftari likaanza kunitisha. Vita vya Ukraine vilianza Februari 24, na sisi ngano nyingi tunaagiza nje, mafuta ya kula vilevile. Lita niliyozoea kununua 5,000 ikafika 7,000, tena mwenye duka anakupimia huku akikuonya kesho usije na bei ya leo. Ramadhani ikaingia. Mwisho wa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke. Mimi Indonesia naijua kwa ndoo ya lita 20 tu!

Nikakosea: nikapunguza ukubwa wa madonge ya chapati. Dereva mmoja wa lori akainua chapati akaiangalia kwenye mwanga. "Mama, hii ya kula au pazia?" Kibanda kizima kikacheka, nami nikacheka, lakini wiki ile nilirudi nyumbani na chapati zimejaa hotpoti.

Nikarudisha ukubwa wa zamani, bei nikaitoa 300 nikaiweka 500. Walinung'unika siku mbili, wakala.

Kisha nikalisoma daftari upya. Iliki ilikuwa imepanda kuliko vyote, na mimi ndiyo niliyokuwa nailalamikia, kumbe pakiti moja nakaa nayo mwezi. Kilichokuwa kinanimaliza ni mafuta, ya kila siku. Basi chapati nikazipika asubuhi peke yake. Ikifika saa nne natoa mihogo ya kuchemsha, na ming'oko, ile mizizi ya porini, nikiipata kwa akina mama wa vijijini. Chumvi, pilipili, basi. Haionji tone la mafuta.

Cha ajabu, vita hivyohivyo vilinijazia benchi. Ulaya ilikuwa inatafuta makaa ya mawe, malori yakawa yanashuka kutoka Ruvuma hadi bandarini kwetu, na madereva lazima wale.

Mwisho wa mwaka mafuta yalilegea kidogo, mchele ukashika zamu. Maharage nayo. Tena ndiyo miezi ya minada ya korosho, pesa inaingia mifukoni na kila mwenye duka anajua. Wali nikauacha uwe wa Ijumaa, siku nyingine ugali.

Januari 2023 redio ikatangaza: mfumuko wa bei kwa mwaka 2022 ulikuwa wastani wa asilimia 4.3, kutoka 3.7 mwaka 2021. Mume wangu akauliza, "Hao wananunua soko gani?" Nami nilikasirika, mpaka mpwa wangu anayesoma chuo aliponifafanulia. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani orodha ya vitu wanavyopimia mfumuko, lina kodi ya nyumba, nauli, nguo, hadi simu. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi ni kama asilimia 28 tu. Kapu langu mimi karibu lote ni chakula, na mafuta peke yake yaliwahi kupanda asilimia 40.

Daftari limeisha. Jipya nimelichorea safu mbili: bei, na kiasi ninachotumia kwa siku.