Ilitoka au aliitoa? Siku moja ya mdadisi

Saa 12:40 asubuhi
Abiria niliyekaa naye ananiuliza nafanya kazi gani. "Utafiti wa afya ya uzazi," namjibu. Si uongo, ila kuna kipande nimekikata. Ninachotafiti ni unyanyapaa wa utoaji mimba, na nimeshajua kwamba ukilitaja hilo garini, mmoja atageukia dirishani na mwingine atakuuliza kama na wewe uliwahi. Doa lenyewe halimbagui mtu: linampata mwanamke, linampata muuguzi aliyemhudumia, hata mimi mbeba dodoso.

Saa 2:00
Kikao cha timu. Saa nzima imeishia kwenye kitenzi kimoja. Mwenzangu anataka tuandike "kuavya" kwa sababu neno hilo halijachafuliwa. Kweli, lakini wengi hawalitumii. "Kuharibu mimba" tulilitupa siku ya kwanza, maana lina hukumu ndani yake. Na wanawake wenyewe wakisimulia husemaje? "Mimba ilitoka." Hapo hakuna mtendaji, mimba imejiendea yenyewe. Kati ya *kutoka* na *kutoa* kuna herufi moja tu, na heshima ya mtu imening'inia hapo.

Tumekubaliana tusianze na swali lenyewe. Tutauliza umebeba mimba ngapi, kisha kila moja iliishaje.

Saa 4:15
Mahojiano ya kwanza, na mama mtu mzima. Natumia kipimo cha unyanyapaa kinachoitwa SABAS, kilichotengenezwa kwa utafiti wa Ghana na Zambia na kuchapishwa 2014: sentensi 18, kila moja unaipa 1 hadi 5 kadiri unavyokubaliana nayo. Zimegawanyika mafungu matatu: dhana mbaya juu ya mwanamke aliyetoa mimba, kumbagua na kumtenga, na hofu kwamba anaambukiza.

Kufika kwenye maambukizi, mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hayo nani kawadanganya?" Nikaandika 1. Tulipofika kwenye kutengwa akanyamaza kidogo, akasogeza khanga yake. "Mimi simfukuzi mtu. Ila kuongoza wenzake, hapana. Akae nyuma kwanza."

Ndiyo maana sipendi jumla ya alama peke yake. Huyu jumla yake itakuwa ndogo, na bado kuna mtu ataambiwa akae nyuma.

Saa 6:30
Wawili niliopangiwa hawapo. Simu ya mmoja imezimwa.

Saa 8:30
Dada wa makamo. Leo nampa orodha, mbinu ninayoipenda kuliko zote. Wahojiwa wanagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linasomewa mambo manne ya kawaida, kama vile kuwahi kulazwa au kuongezewa damu. La pili linasomewa hayohayo manne na la tano: nimewahi kutoa mimba. Mtu hasemi yapi, anasema mangapi tu. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa, tuseme, 1.5 na wa pili 1.7, ile 0.2 iliyozidi ni watu 20 katika kila 100, na hakuna aliyemtaja yeyote.

Nikamweleza mara mbili. "Nitajie idadi tu, dada."

"Matatu," akasema. Kisha akiangalia mlango: "Na hilo la mwisho limo."

Sikuwa na pa kuliandika. Mbinu nzima imetengenezwa ili mimi nisijue, naye akaamua nijue. Nikafunga dodoso, tukakaa. Hakulia, wala hakusimulia. Baadaye akaniuliza kama nina watoto.

Saa 10:45
Ofisini, kijana mpya ananiuliza kwa nini tuzunguke hivi badala ya kuuliza moja kwa moja. Kwa sababu watu hawasemi. Makadirio ya 2015 hadi 2019 ni mimba milioni 73 hivi zilizotolewa kila mwaka duniani. Lakini hata Marekani, majibu ya utafiti wa kaya yalipolinganishwa na hesabu za vituo vya afya, zilizotajwa zilikuwa chini ya nusu. Watafiti Kumar, Hessini na Mitchell waliueleza mzunguko huu 2009: kwa kuwa hakuna anayesema, jambo linaonekana adimu, kwa kuwa linaonekana adimu, aliyelifanya anajiona kioja, naye ananyamaza. Kijana akaandika "kioja" kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Saa 1:20 usiku
Naingiza data. Kwa dada wa mchana kuna kisanduku kimoja tu cha idadi, na chini yake nafasi ya maoni ya mdadisi. Nimeweka 3. Kwenye maoni niliandika sentensi moja, nikaisoma, nikaifuta. Utaratibu unasema idadi tu, na safari hii nimeufuata kwa moyo mmoja.