Siku moja na aspirini: kuchagua kinachobeba dawa, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Dodoma ya Julai ni baridi, kavu, na upepo wake unapasua midomo. Nakunywa chai ya rangi, najifunga mtandio, napanda daladala. Ukavu huu naupenda kwa ajili ya kazi ya leo.

Saa 2. "Shikamoo, madamu." "Marahaba. Vaeni makoti, barakoa pia." Wanafunzi wangu wa famasia watatengeneza kidonge cha aspirini cha miligramu 300 kwa kukandamiza unga mkavu moja kwa moja. Njia iliyozoeleka ni kuulowesha unga, kuufanya chembechembe, kisha kuukausha kwenye oveni. Aspirini haivumilii hayo. Ikikutana na maji na joto huvunjika kuwa asidi ya salisiliki na asidi asetiki, ile ya kwenye siki. Ndiyo maana kopo la aspirini iliyokaa vibaya ukilifungua linanuka siki.

Kwa hiyo maji hatuyagusi. Lakini ukishaacha kulowesha, mzigo wote unahamia kwa viambata saidizi, yaani vitu visivyo dawa vinavyochanganywa nayo. Hivyo ndivyo vitashikanisha unga, vitautiririsha, na vitakisambaratisha kidonge tumboni. Nasikitika ninaposikia watu wakiviita vya kujazia tu.

Saa 3:30. Kijazio. Mezani kuna makopo mawili. Dikalsiamu fosfeti yenye maji ya fuwele inatiririka vizuri sana, nayo ni ya bei nafuu, lakini takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani. Kwa aspirini naikataa. Tunachukua selulosi ya maikrokristali, unga utokanao na nyuzi za mimea, aina ya chembe kubwa zinazokaribia maikromita 100. Ikibanwa inabonyea na kubaki hivyo, chembe zikashikana bila gundi nyingine.

Kisambaratishi tulichokubaliana ni wanga wa mahindi, lakini wanga wa kawaida huwa na unyevu wa asilimia 11 hadi 13. Tuliuanika kwenye oveni jana, ukafungwa humo humo ulipopoa. Hatua hii wengi huiruka, na aspirini ndiyo hulipa.

Saa 5. Kilainishi, na hapa sitaki haraka. Unga usipolainishwa hung'ang'ania kwenye panchi, vyuma vya mashine vinavyoubana uwe kidonge. Viwanda vingi hutumia magnesiamu stearati, mara nyingi chini ya asilimia 1. Ni nzuri, ila huja na chembe za ualkali zinazoharakisha kuvunjika kwa aspirini.

Sikuwaambia waniamini. Nilitoa vidonge vya majaribio vilivyokaa kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75: vya magnesiamu stearati kundi moja, vya asidi steariki, kilainishi kisicho na ualkali huo, kundi jingine. Wakasaga, wakaloweka kwenye spiriti kidogo, wakadondosha kloridi ya chuma. Sahani ya kwanza iligeuka zambarau iliyokolea pale pale, rangi ya zabibu zetu zilizoiva. Ya pili ilipata wekundu hafifu tu wa urujuani. Zambarau ni asidi ya salisiliki iliyo huru. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini tunachukua asidi steariki.

Saa 7. Ugali, mlenda, maji.

Saa 8. Kila kidonge kina uzito wa miligramu 400: aspirini 300, selulosi 72, wanga 20, asidi steariki 8. Gramu 50 za mchanganyiko zilijaza mililita 80. Baada ya kugongwagongwa zikashuka hadi 68. Upungufu wa asilimia 15, mtiririko mzuri: unga unaoshuka kidogo ndio unaotiririka. Kilainishi kiliingia mwisho, dakika chache tu. Ukikichanganya muda mrefu kinazipaka chembe zote. Kidonge kinakuwa laini na maji yanashindwa kupenya.

Mzee wetu wa mashine alizungusha gurudumu la panchi kwa mkono kwanza, akasikiliza, ndipo akawasha umeme. Tulipima vidonge 20, vyote vikawa kati ya miligramu 380 na 420.

Saa 10. Vipimo. Vidonge vilizungushwa mara 100 kwa dakika 4 kwenye pipa la kupimia umegukaji. Vikapoteza chini ya asilimia 1 inayoruhusiwa. Sita viliingia kwenye maji ya nyuzi 37. Kikomo ni dakika 15, navyo vilifunguka mapema kabisa, unga ukitawanyika kama mawingu.

Wakati wa kuosha vyombo binti mmoja akauliza, "Madamu, na panadoli tungeifanya hivi hivi?" Swali zuri. Fuwele za kawaida za parasetamoli, dawa iliyomo kwenye panadoli, zikibanwa hutanuka tena kama mpira, na kidonge hupasuka kofia, yaani tabaka lake la juu huachana, kikitoka kwenye mashine. Kisha dozi yenyewe ni miligramu 500. Ukiweka selulosi ya kutosha kuishika, kidonge kinakuwa kikubwa mno kumezeka. Viwanda hununua parasetamoli iliyokwisha kufanywa chembechembe, au hurudi kwenye kulowesha, maana yenyewe haiogopi maji kama aspirini. Nimewaachia waandike pendekezo lao, kiambata kwa kiambata, na sababu ya kila kimoja.