Siku moja maishani mwangu: Jumatatu baada ya London kurudisha saa nyuma

Saa 11:40 alfajiri. Niko kituoni Kimara nasubiri mwendokasi, simu mkononi. Kabla ya kusoma ujumbe wa mtu yeyote nafungua kalenda ya Mkurugenzi, maana jana ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo Waingereza hurudisha saa zao nyuma. Sisi saa zetu hatuzigusi mwaka mzima. Tatizo ni kwamba kikao cha kila Jumatatu na watu wa bima wa London waliokiandaa ni wao, kwa saa za kwao. Kwao kinabaki saa 8:00 mchana. Kwetu kimetoka saa 10:00 kikaenda saa 11:00 jioni, juu kabisa ya kikao chetu cha ratiba ya meli.

Saa 1:45 asubuhi nipo mezani, Posta. Mimi ni katibu muhtasi katika kampuni ya uwakala wa forodha. Shaba nyingi ya Kongo husafirishwa kupitia bandari ya Dar, kwa hiyo siku ya bosi wangu imegawanyika kati ya Lubumbashi, Muscat, London na New York. Kwenye kompyuta zetu za Windows saa zimewekwa "Nairobi". Dar es Salaam haimo kwenye orodha ile, na kila mfanyakazi mpya huja kuniuliza kama amekosea.

Narudi kwenye mgongano. Mhasibu anashauri niwaombe London wawahishe kwa saa moja. Ingefaa, kama si yule wa New York. Wamarekani hurudisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo wiki hii kikao kinamkuta saa 4:00 asubuhi, na wiki ijayo kitarudi saa 3:00 alivyozoea. Nikikiwahisha, atakuwa anakaa kikaoni saa 2:00 asubuhi hadi mwezi Machi. Kikao rahisi kuhamisha ni kile ambacho wahusika wake wote wako ghorofa moja nami, basi cha meli nakileta saa 10:00. Programu inauliza: hiki tu, hiki na vinavyofuata, au vyote? Hapo usibonyeze kwa haraka. Ukichagua vyote, hata vikao vilivyokwisha fanyika vinaweza kuhama, na siku mkaguzi akiuliza mlikutana lini, kalenda itamwambia uongo.

Saa 3:20. Mteja wa Lubumbashi anaandika WhatsApp: "Kesho saa tatu asubuhi, sawa?" Saa tatu ya kwake au ya kwetu? Wako nyuma yetu kwa saa moja. Sibishani naye, namtumia mwaliko. Kila mmoja akiufungua ataona saa ya kwake.

Muscat nao wanataka nafasi wiki hii. Ijumaa na Jumamosi wamefunga wao, Jumapili tumefunga sisi. Nawapa Jumatano.

Saa 4:15 Mkurugenzi anatoka kwenda bandarini. Miadi ni saa 5:00, lakini kwenye kalenda nimezuia muda tangu saa 4:15 hadi saa 7:00, nikaandika "Barabarani" kabla na baada. Kalenda haijui malori ya Barabara ya Mandela. Usipoizuia nafasi ile nyeupe, kuna mtu ataiona na kuweka kikao humo, kisha atashangaa bosi hapokei simu.

Mchana unapita kwa mambo madogo. Kijana wa operesheni anakuja kulalamika: "Dada, Alhamisi saa nane Madam ana nini? Naona imeandikwa ana shughuli tu." Nimeiweka binafsi, kwa hiyo ndivyo inavyopaswa kuonekana. Ni miadi ya daktari wa meno, na hilo halimhusu. Ijumaa kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:00 nako nimezuia kwa ajili ya swala. Wageni wa nje ndio hupenda sana muda huo, sijui kwa nini.

Saa 11:00 jioni. Kikao cha meli kimeisha, London wameingia, New York yupo. Mkurugenzi ananiangalia kupitia kioo, ananyanyua dole gumba.

Saa 11:30 namwandikia ratiba ya kesho kwa WhatsApp, kwa sababu kalenda yenyewe yeye haifungui. Mgeni wa saa 2:00 asubuhi hajajibu mwaliko. Nampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kesho nipo! Hizo barua pepe zenu sijafungua tangu wiki iliyopita."

Programu hainiruhusu kumjibia. Naongeza kwenye kichwa cha miadi: "amethibitisha kwa simu."