Siku moja maishani mwangu: tabibu wa chumba namba 2

Mimi ni tabibu. Si daktari, ingawa kuanzia mlinzi wa getini hadi watoto wa jirani wananiita daktari, na nimeshachoka kusahihisha. Nilisoma stashahada miaka mitatu, na sasa ni mwaka wa saba nakaa chumba namba 2 cha kituo cha afya kimoja mkoani Tanga, upande wa pwani. Watu wakisikia kazi yangu wanadhani kutwa nachoma sindano na kushona vidonda. Kushona nashona, lakini kazi yenyewe hasa ni maneno: kuuliza, kusikiliza, kueleza, kueleza tena. Hiyo ndiyo inayonitoa jasho. Hii hapa Jumatatu yangu moja. Mambo ya wagonjwa nimeyageuzageuza kidogo wasitambulike.

Saa 11:15 alfajiri. Swala, chai, sare ya mtoto, bodaboda.

Saa 1:30 asubuhi. Kukabidhiana zamu. Usiku wamejifungua watatu, mmoja kapelekwa hospitali ya wilaya kwa rufaa. Nje mabenchi yamejaa, kwa sababu Jumatatu huja na watu walioanza kuumwa Ijumaa. Sista amesimama mbele yao anatoa elimu ya chandarua, na mzee mmoja anamuuliza mbona chandarua kinawasha mwili. Swali zuri. Kipya kianikwe kwanza kivulini, siku nzima, ndipo kitundikwe.

Saa 2:00 hadi saa 4:30. Mafua, malaria, kuhara, jino, mafua. Na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Huku kwetu mgonjwa haji na dalili, anakuja na jina: "Daktari, nina UTI." Zamani nilikuwa namkata: "Nani kakupima?" Basi hapo anaufunga mdomo na siambulii kitu. Siku hizi namuuliza, "Hiyo UTI inakusumbuaje?" Leo dada mmoja akanieleza UTI yake vizuri kabisa: kiuno kinauma tangu Alhamisi, siku aliyobeba ndoo ishirini za maji ya harusi.

Halafu kuna kompyuta. Mfumo unataka kila kitu kiandikwe, na nikiandika simwoni mgonjwa. Mwaka jana niliigeuza meza ubavu, kioo tukione wote wawili. Mkuu aliniuliza kwa nini nimeharibu mpangilio wa chumba. Mpaka leo imebaki ubavu.

Saa 4:45. Mtoto wa miaka miwili, kilo 11, kipimo kinaonyesha malaria. Anaanza dawa ya mseto, kidonge kimoja kimoja, mara sita kwa siku tatu. Cha kwanza anapewa hapahapa, saa 5:00. Cha pili kinatakiwa baada ya saa nane kupita. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotega mtego. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja, "Mpe cha pili baada ya saa nane." Akampa saa nane na robo mchana. Kesho yake aliporudi nilimgombeza mbele za watu, na yeye akanitazama tu, kwa sababu alifanya nilichosema neno kwa neno. Saa nane si ni saa nane? Lile jicho lake sijalisahau.

Kwa hiyo sasa sihesabu masaa, nataja saa yenyewe. "Mama, cha pili leo saa moja usiku, magharibi ikishaswaliwa. Kesho asubuhi na jioni, keshokutwa asubuhi na jioni. Ale kwanza, uji au maziwa. Akitapika kabla ya nusu saa, unampa kingine, halafu njoo uchukue cha kufidia."

"Nimeelewa, daktari."

"Nimeelewa" nimeshaizoea. Watu wa huku wana adabu. Ukimuuliza kama ameelewa, kukujibu hapana ni kama kukutukana. "Sasa fanya mimi ndiye bibi yake," nikamwambia, "wewe unakwenda shamba, unaniachia mtoto. Niagize." Akacheka, akaniagiza: jioni kimoja, kesho vitatu, kutwa mara tatu. Bila shaka. Dawa zote alizowahi kupewa zilikuwa kutwa mara tatu. Tukarudia, mara ya pili akaniagiza sawasawa, hata mambo ya kutapika. Dakika tatu zimekwenda. Mlangoni wanagonga.

Saa 5:30, nadhani. Anaingia mzee, anakaribia miaka sabini, kofia yake ya vito, mfuko wa dawa mkononi. Nyuma yake kijana wake, katoka Dar jana usiku, simu mkononi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Mar..."

"Baba ana kizunguzungu," anasema kijana. "Ameanguka uani juzi. Nataka apimwe vipimo vyote."

"Pole mzee. Kizunguzungu kinakujaje?"

"Akisimama," anajibu kijana.

"Dawa za presha unamezaje, mzee?"

"Anameza vizuri. Mimi ndiye ninayetuma hela za dawa."

Nikamtazama mzee, naye anatazama sakafu. Nikapima presha amelala, nikapima amesimama. Akisimama, 102 kwa 60, na huyu kwenye faili ni mtu wa 170 na kitu. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kijana ananisomea kwenye simu kwamba miguu kuvimba ni figo au moyo, na kwamba hospitali fulani ya Dar wangeshampiga picha. Nje kuna watu arobaini. Nakiri, nilitaka kuandika rufaa nimtoe chumbani. Rufaa ni karatasi moja, naye angefurahi.

Badala yake nikamwambia, "Kaka, nisaidie kitu. Nenda duka la nje ukamnunulie mzee daftari, hili limejaa." Halikuwa limejaa. Lilikuwa na kurasa sita tupu.

Mlango ulipofungwa nikavuta kiti upande wa mzee na kumwomba amwage mfuko mezani. Zikatoka boksi mbili na kipande cha gazeti kilichofungia vidonge. Nikasema, "Nionyeshe jana ulimeza vipi," kisha nikanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, mdomo unawasha.

Akachukua kidonge boksi la kwanza: amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 5. Akachukua cha pili, boksi la pili: amlodipine ya 10. Dawa ileile, makampuni mawili, rangi mbili. Miezi minne iliyopita aliongezwa dozi, akapewa boksi jipya, wala hakuna aliyemwambia kwamba jipya linachukua nafasi ya la zamani. Yeye akajua ameongezewa dawa, akaongeza, na ile ya 5 ikiisha anainunua. Kwa hiyo kila siku anameza 15, na mwisho wake ni 10. Dawa hiyo ikizidi huvimbisha miguu. Miguu ilipovimba jirani yake akamgawia zake za kukojoa, ndizo zile za kwenye gazeti. Anazimeza baada ya isha, basi usiku anatoka mara nne kwenda chooni, choo cha nje, gizani. Ndiko alikoangukia.

"Mbona hukumwambia kijana, mzee?"

"Binti yangu, nitamwambiaje mwanangu kwamba nakojoa usiku kucha?"

Nikafungua lile daftari nione nani alimwongezea dozi bila kumweleza. Mwandiko wangu. "Amlodipine 10mg 1x1, arudi baada ya mwezi." Saini yangu. Mwezi haukuandikwa ni upi, wala zile za 5 azifanye nini. Nimekaa pale nahisi masikio yanawaka moto. Nikamwambia, "Mzee, hapa nilikosea mimi. Sikukueleza." Akaniambia hapana, yeye ndiye hakuuliza. Tukabishana kidogo, kila mtu anavutia kosa kwake.

Za jirani tukaziweka pembeni. Za 10 nikazichukua. Akabaki na 5 peke yake, kimoja asubuhi, arudi wiki mbili tuone inakaaje, na sukari tukaipima, ilikuwa sawa. Kwenye bahasha mimi huwachorea wasiosoma jua au mwezi. Nikaanza kuchora, mzee akanyoosha mkono kuomba kalamu. Akaandika mwenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu, Kiswahili ndani yake: moja, baada ya alfajiri, ile ya pili imekwisha. Akanisomea. Nilikuwa namhesabu miongoni mwa wasiosoma kwa miaka saba.

Kijana karudi na daftari. Nikamweleza alichoniruhusu mzee nimweleze, yaani dawa zilirudufiwa, basi. "Kwa hiyo hamna kipimo?" Hamna, kaka. Hakuridhika. Aliondoka akisema vituo vya serikali ndivyo vilivyo.

Baada ya hapo saa siikumbuki vizuri. Foleni ilinuna. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba ningekuwa na haraka kama ninavyokaa na wazee angekuwa ameshapika. Chapati ya mama ntilie nilikula imesimama kama kadibodi, huku nasoma majibu ya maabara.

Alasiri aliingia bibi wa Kimasai na mjukuu wake wa kiume, miaka kumi na mitano hivi, ndiye mkalimani. "Takwenya, koko," hiyo naijua, lakini zaidi ya hapo Kimasai changu kimeisha. Bibi aliongea dakika nzima, akishika tumbo. Mjukuu akatafsiri: "Anasema tumbo." Nikauliza kama anatokwa na damu. Mtoto akaangalia ukuta, akasema kitu kifupi, bibi akajibu kitu kifupi. "Hapana." Ningekuwa mimi na miaka kumi na mitano ningeulizaje bibi yangu hilo? Nikamtafuta mhudumu wetu wa usafi, mama mwenye kujua Kimasai, nikamwomba mjukuu akanywe maji. Damu ipo, tangu kabla ya mvua, na hedhi ilikatika miaka mingi. Hiyo rufaa niliiandika kwa haraka na kwa mkono mzito, nikaeleza mara mbili kwa nini asingoje mnada upite ndipo aende. Mhudumu alilipwa shukrani tu, maana kutafsiri hakumo kwenye ajira yake. Akarudi kwenye ndoo yake.

Mwisho wa yote ni rejista ya MTUHA, kitabu cha taarifa za wagonjwa wa siku. Jina, umri, jinsi, kijiji, ugonjwa, dawa. Wagonjwa 58. Mzee wangu alichukua dakika arobaini na ushee, na safu zilizopo zilinitosha kuandika: shinikizo la damu, marudio, amlodipine 5. Mstari mmoja, juu yake mafua, chini yake mafua.

Kesho naingia usiku.