Kilo ni zilezile, nguvu imekwenda wapi?

Kila bibi anayefika kliniki hupandishwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa kwenye daftari, basi. Mimi nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Mwanza na jambo hili linaniuma. Mwanamke wa miaka 70 anaweza kuwa na kilo zilezile alizokuwa nazo akiwa na miaka 55, kumbe ndani misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi yake. Mzani hautofautishi. Anasifiwa kwamba hajakonda, anarudi zake nyumbani, kisha tunasikia ameanguka chooni.

Hali hii inaitwa sakopenia, jina alilolitoa Irwin Rosenberg wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake huanza na misuli michache kuliko wanaume, na hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni inashuka, misuli nayo inaathirika.

Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa 2019 unaanza na nguvu, wingi wa misuli unafuata baadaye. Mwanamke akibana kipima nguvu ya mkono kisifike kilo 16, au akichukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka kitini mara 5, hapo pana jambo. Wingi wenyewe unahitaji mashine kama ya DXA, aina ya eksirei inayotenganisha misuli, mafuta na mifupa, na hiyo si ya zahanati. Kiti je? Kiti kipo kila nyumba.

Nilimpima mama mkubwa uani kwake Igogo. Kiti cha mbao kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze, mikono yake imekunjwa kifuani. Mara ya kwanza aliinuka vizuri. Ya pili, mkono wa kulia ukachomoka ukatafuta goti.

“Mama mkubwa, mkono kifuani.”

“Mwanangu, mkono ndio unaoniinua siku zote.”

Ya nne alijisukuma mbele mara mbili ndipo akaachana na kiti. Saa ya simu ilipita sekunde 20 na ya tano bado. Yeye analaumu magoti. Nimeyakagua: hayajavimba, wala hayamuumi akikunja. Ni mapaja.

Yapo pia maswali matano yanayojulikana kama SARC-F: kubeba kilo 4 na nusu, kutembea chumbani, kuinuka kitini au kitandani, kupanda ngazi 10, na kuanguka ndani ya mwaka uliopita. Mimi nayauliza kwa vitu vya hapa. Kilo 4 na nusu ni kama dumu la mafuta ya kula la lita 5. Kuhusu ngazi, nauliza juu ya yale mawe ya kupandia nyumbani kwake: siku hizi unapumzikia wapi? La kuanguka nalirudia, maana wengi huficha wakiogopa watoto watawakataza kwenda sokoni.

Futi ya fundi cherehani nayo inasaidia. Zungusha kwenye kigimbi, pale penye unene zaidi. Ulaya wana wasiwasi ikiwa chini ya sentimita 31, na mwongozo wa Asia unasema 33 kwa wanawake. Mguu uliovimba usiupime, maji yatakudanganya. Ila viwango hivi vimewekwa kwa watu wa huko, si kwa wanawake waliolima na kubeba ndoo kichwani tangu utotoni. Ninachokiamini zaidi ni kumlinganisha bibi na yeye mwenyewe, kwa kiti kilekile, baada ya miezi michache.

Na nguvu hurudi! Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, Boston, walichapisha habari za wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki 8, nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya maradufu. Halafu sisi tunamwambia bibi wa miaka 68 akae apumzike.

Kuna na chakula. Nyumba nyingi za huku ziwani, sato ni wa wajukuu, bibi anabaki na ugali na mchuzi. Mzee anahitaji protini kuliko kijana: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kama figo zake ni nzima.

Mama mkubwa nimempa zoezi la kiti asubuhi na jioni, na nimemwambia dagaa waanzie sahani yake. Zoezi amekubali. La dagaa bado tunabishana, kwa hiyo nimemwomba binti yake ndiye awe anapakua.